Ndoo ya Maji na Mita 1500

Mwezi wa tano mwaka jana mama alinipigia simu usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa ameshalala. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaniuliza: "Baba, wewe si unasoma historia huko? Hebu niambie. Huyu mdogo wako nimwache akimbie au nimkataze?"

Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kata wilayani Mbulu. Alikuwa ameshinda mita 1500 katika mashindano ya wilaya, na mwalimu wa michezo alitaka aingie kambini kujiandaa na UMISSETA ngazi ya mkoa. Maana yake ni wiki mbili bila masomo. Mama anauza maharage na vitunguu gulioni, na kila daftari la binti yake limetoka kwenye hayo maharage. Wiki mbili si jambo dogo kwake.

Mimi ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu biashara ya mazao enzi za ukoloni. Riadha haimo. Lakini mama hatambui mipaka ya taaluma: aliyesoma amesoma. Nikamwomba siku tatu, nikaenda maktaba.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hofu ya mama haikuanza kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali yetu ilisimamisha mashindano ya michezo ya shule kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Miaka ilipita kabla hayajarudishwa. Mama alikuwa mzazi kijana wakati huo. Aliambiwa na dola yenyewe kwamba michezo na daftari ni maadui, na hakuna aliyerudi baadaye kumweleza kwamba mambo yamebadilika.

Wakati huohuo, nchi hii ilikuwa na mtu ambaye maisha yake yanakataa hoja hiyo. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliongoza fainali ya mita 1500 kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 huko Moscow alipata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji. Alipostaafu, yeye na mkewe Anna walianzisha shule. Mtu aliyepewa kila kitu na mbio, zamu yake ya kuwapa watoto wa wenzake ilipofika, aliwapa darasa na uwanja kwa pamoja.

Nilitaka kumpigia mama papo hapo. Lakini swali lake halikuwa "masomo au michezo" tu. Alitaka kujua mzazi afanye nini. Kwa hilo nililazimika kuvuka mpaka hadi Iten, Kenya.

Mwaka 1976, bruda wa Kiayalandi aitwaye Colm O'Connell alifika katika shule ya sekondari ya St Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Alirithi timu ya riadha kutoka kwa mwalimu wa Kiingereza, Peter Foster, ndugu yake mkimbiaji Brendan Foster, akaanza kujifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe. Katika shule hiyo alipita Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988, akiwa bado mwanafunzi wa chuo Marekani. Hadithi ya Iten husimuliwa kama hadithi ya kocha. Mimi nilikuwa nawatafuta wazazi.

Nikamkuta Daniel Rudisha. Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, alikuwa mmoja wa Wakenya wanne waliopata fedha katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. (Ni michezo ileile ambayo mzee wetu wa Mbulu, John Stephen Akhwari, alimaliza marathoni wa mwisho, mguu ukiwa umefungwa bendeji.) Mwanawe, David, alikulia Kilgoris. Baba mwenye medali ya Olimpiki angeweza kabisa kusema: mtoto ni wangu, mbio nazijua, nitamfundisha mwenyewe. Lakini kijana alisoma sekondari Iten, akalelewa kimichezo na Bruda Colm, na mbio zake zikawa mita 800 badala ya zile 400 za baba. Agosti 2012 huko London alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Nikaandika pembeni mwa daftari langu: kama Mzee Rudisha aliweza kumwachia kocha kazi yake, basi mzazi yeyote anaweza kukaa kimya pembeni ya uwanja.

Kisha nikamkuta Tegla Loroupe wa Pokot Magharibi, na hapo nikaacha kuandika kidogo. Alikuwa akikimbia takriban kilomita 10 kwenda shule, pekupeku. Baba yake hakutaka akimbie kwa sababu ni msichana. Mama yake alimuunga mkono. Mwaka 1994 Tegla alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, na mwaka 1998 huko Rotterdam akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 20 na sekunde 47.

Niliacha kuandika kwa sababu ya ndoo. Nilipokuwa nasoma kidato cha nne, mdogo wangu alikuwa na miaka minane, na ndiye aliyekwenda kisimani asubuhi na jioni ili mimi nijisomee. Sikuwahi kuombwa nichote maji, wala sikujitolea. Watu wanaposema binti amepata nguvu za miguu kwa kupanda vilima na ndoo kichwani, wanasema kama vile ni baraka. Labda ni hivyo. Lakini mtoto anayefanya mazoezi alfajiri, kisha maji, kisha shule, kisha kuni, kisha kupika, kisha kujisomea kwa tochi ya simu, hatashindwa masomo kwa sababu ya mbio. Atashindwa kwa sababu siku yake ina kazi za watu watatu.

Na kuna jina la mwisho, ambalo sikutaka kulikuta. Agnes Tirop alishinda mbio za nyika za dunia mwaka 2015 akiwa na miaka 19. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili wa kijinsia. Wamekuwa wakieleza jambo ambalo wazazi wengi vijijini hawalijui: msichana mwenye kipaji huzungukwa mapema na wanaume wanaojiita makocha na mameneja, wanaoshika kadi yake ya benki, pasipoti yake na simu yake, huku wazazi wakishukuru kwamba mtoto amepata wa kumsaidia.

Siku ya tatu nikampigia mama. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayetetea tasnifu. Nikamwambia kwamba historia haisemi amkataze. Ila inasema asinunue raba za bei kubwa kabla hajahakikisha mtoto anakula ushibe na kulala saa nane. Ampunguzie kazi za nyumbani. Kocha aachiwe ukocha, lakini kambi isiachiwe kocha peke yake: aulize nani analala na wasichana, kama yupo mwalimu wa kike, simu ya nani itapokelewa usiku. Asitie saini karatasi yoyote ambayo hajasomewa. Na amwombe mwalimu wa taaluma orodha ya masomo yatakayopita katika hizo wiki mbili, ili madaftari yaende kambini pamoja na sare.

Mama alinyamaza. Kisha akasema: "Kumbe historia yenu inasema niende mwenyewe nikamwone huyo mwalimu."

Alikwenda siku ya gulio, akaacha biashara kwa jirani. Mwalimu, nilivyoambiwa, alishangaa. Wazazi huja shuleni kulalamikia michango. Akampeleka akaone bweni, akamtambulisha kwa matroni. Aliporudi nyumbani, mama alimwita kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka kumi na miwili, akamkabidhi ndoo.

Mkoani mdogo wangu alishika nafasi ya tano. Hakuchaguliwa kwenda taifa. Aliponisimulia kwa simu hakulia. Alilalamika tu kwamba alianza kwa kasi mno, halafu akaniomba nimtafutie kitabu cha fizikia. Mwaka huu atajaribu tena, na mwaka huu pia ana mtihani wa kidato cha nne. Mama hajaniuliza tena achague kipi. Ananiuliza kama kuna basi la kwenda mkoani siku hiyo na kurudi kabla ya giza, maana safari hii anataka kwenda kuangalia.

Niliporudi likizo Desemba, asubuhi ya kwanza nilitangulia kuamka. Kutoka kisimani hadi nyumbani ni dakika ishirini na tano za kupanda. Nilipumzika mara nne.