Tarehe ya Waamuzi na Mawakili wa Buha

Wako wanaosema, na wengine ni watoto wetu wenyewe waliorudi na digrii, kwamba sheria iliingia Buha, nchi yetu Waha huku Kigoma, pamoja na boma la Mwingereza, na kwamba kabla yake hapakuwa na mwamuzi ila mkuki. Maneno hayo yameachwa yaenee mno. Tarehe hii inaandikwa ili ijulikane kwamba mlolongo wa waamuzi wa nchi hii unaanza kwa mteko, wala si kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na kwamba vyeo vyote vilivyokuja baadaye viliikuta kazi inafanyika.

Mteko ni mwenye ardhi. Wazee wa Heru Juu husimulia kwamba abateko walikuwapo kabla abami, yaani watawala wetu, hawajafika na ng'ombe wao. Abami walipofika walichukua utawala na ngoma. Ardhi wakaiacha mikononi mwa waliowakuta. Mgeni aliyetaka kulima alikwenda kwa mteko wa mahali pale, akaonyeshwa mpaka wake, akabarikiwa, ndipo akachimba. Majirani wakigombana, mteko ndiye aliyesimama katikati ya shamba, maana yeye au baba yake ndiye aliyewagawia. Mwami aliweza kumwondoa mtware, mtawala wa chini yake, aliyemuudhi na kumweka mwingine kesho yake. Mteko hakuondolewa, kwa kuwa si mwami aliyemweka. Uteko ulirithiwa katika ukoo na ulishikana na kilima chake.

Na hili nalo wazee hawaliruki. Mteko, wasema, alikuwa na amri juu ya nyoka, simba na radi. Mtu aliyesogeza mpaka usiku baada ya shauri kuamuliwa aliamka akamkuta nyoka kizingitini, na asipourudisha alikuwa akingoja radi ya masika. Kwa hiyo hukumu ya mteko haikuhitaji askari. Ndivyo walivyosimulia, na ndivyo ninavyoandika.

Juu ya mteko alikuwapo mtware, na juu ya abatware wote mwami. Huko ndiko zilikopanda kesi za damu, za wizi wa ng'ombe na za ubugabire. Hizi za ubugabire zilikuwa ngumu kuliko zote: mtu amepewa ng'ombe na mkubwa wake, amemtumikia miaka mingi, ng'ombe amezaa, mtoaji amefariki, na watoto wa pande mbili kila mmoja anadai ndama. Aliyeshtakiwa alifika na ndugu zake, akapiga makofi ya heshima, akajisemea mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kulipwa ili aseme kwa niaba ya mwingine.

Hayo ni ya Heru, ndiko Kasulu; Muhambwe, ndiko Kibondo, walikuwa na mwami wao, na Buyungu vilevile.

Wajerumani waliwaacha abami mahali pao. Wabelgiji waliingia 1916, wakatoka 1921. Aliyeyageuza mambo ni Mwingereza, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika. Kwa sheria ya mwaka 1926 mwami akawa mamlaka ya wenyeji; kwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 baraza lake likawa mahakama, likapata karani, daftari na tarishi. Rufaa ilitoka kwa mwami ikaenda kwa Bwana Shauri, ikapanda kwa mkuu wa jimbo, ikaishia kwa Gavana. Mahakama Kuu ilifungiwa nje ya mashauri hayo, na wakili hakuruhusiwa kukanyaga barazani.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ya ubishi unaovuma vijiweni Kasulu kila kijana wetu anaporudi kutoka ng'ambo: kwamba fulani ni barista, kwa hiyo ni mkubwa kuliko mawakili wa hapa. Si kweli, na ubishi huu ufe. Uingereza wameigawa kazi hii sehemu mbili. Solisita humpokea mteja, humwandikia hati na kumtayarishia shauri. Barista husimama mbele ya jaji na kusema. Ili mtu awe barista ni lazima apokewe na moja ya nyumba nne za London, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Hata kwao vyeo havikutulia. Zamani atoni, prokta na solisita walikuwa watu watatu mbalimbali, mpaka sheria za 1873 na 1875 zikawakusanya wote chini ya jina la solisita. Mwaka 1990 solisita akafunguliwa njia ya kuomba idhini ya kusimama hata mahakama za juu. Tanganyika haikuubeba mgawanyo huo. Aliyekuja na cheti cha barista na aliyekuja na cha solisita waliandikwa katika orodha moja, kwa cheo kimoja cha wakili, na Sheria ya Mawakili ya 1954 ikakaza hivyo. Kwa hiyo barista wa London ambaye jina lake halimo katika orodha ya Mahakama Kuu hana sauti Kasulu, hata angekuwa na joho la hariri.

Nirudi Heru. Mwaka 1946 kiti cha Heru kilikaliwa na Mwami Theresa Ntare. Juu ya huyu sitakata maneno. Wakati ule kiti cha mwami kilikuwa pia kiti cha hukumu, nacho kikawa cha mwanamke. Walioizoea sauti ya kiume barazani iliwabidi wapige makofi yale yale ya heshima mbele yake. Baadaye aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na nchi ilipokaribia uhuru jina la Heru lilijulikana Dar es Salaam kwa sababu yake. Sasa wapime wenye kusema kwamba sheria tulifundishwa: Uingereza haikumruhusu mwanamke kuwa barista wala solisita mpaka sheria ya 1919, na jaji wao wa kwanza mwanamke katika Mahakama Kuu, Elizabeth Lane, aliteuliwa 1965. Heru ilikuwa imetangulia kwa miaka 19. Kama kuna wilaya nyingine ya milimani yenye dai kama hilo, na itoe jina.

Sheria ya 1951 iliziita mahakama hizo za wenyeji mahakama za mitaa. Kisha 1963 uchifu ukafutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaanza kutumika Julai 1964. Mwami akatoka, akaingia hakimu wa mahakama ya mwanzo, akiketi na wazee wa baraza. Hakimu huyu amedharauliwa bila haki. Yeye ndiye aliyesikia mirathi, talaka, mbuzi na matusi ya nchi nzima, kwa Kiswahili, wakati mahakama za juu ziliandika Kiingereza. Wakili alizuiwa kwake kama alivyozuiwa kwa mwami. Kwa hiyo vizazi viwili vya Kasulu na Kibondo vilikua vikimjua hakimu bila kumjua wakili, na asiyejua kuandika akaangukia kwa waandishi wa barua wa kulipwa, ambao baadhi yao walijipachika uwakili. Hao vishoka wamewaumiza watu wetu kwa rufaa zilizopitwa na wakati na viapo vyenye mihuri ya bandia.

Vyeo vya serikali navyo viligeuka. Aliyesimama kuendesha mashtaka wilayani alikuwa askari polisi. Tangu sheria ya 2008 kazi hiyo imekuwa ikihamia kwa mawakili wa serikali walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mwaka 2018 Wakili Mkuu wa Serikali akatengewa ofisi yake. Watu huwachanganya, basi ijulikane: Mwanasheria Mkuu huishauri Serikali, Wakili Mkuu huitetea katika kesi za madai, na Mkurugenzi wa Mashtaka hushika jinai.

Mwaka 2021 mambo mawili makubwa yalitokea. Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama zote, na wakili akaruhusiwa kuingia mahakama ya mwanzo pale anapoketi hakimu mkazi. Wakili msomi sasa anasimama mahali ambapo babu zetu walijisemea.

Mwaka huo huo mabaraza ya ardhi ya kata yalinyang'anywa mamlaka ya kuamua, yakabakiziwa usuluhishi. Yasipopatanisha ndani ya siku 30, shauri linapanda kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Baraza la ardhi la kijiji, lililowekwa kwa sheria ya 1999, ni la watu saba, wakiwamo wanawake watatu. Nalo kazi yake ni kupatanisha. Wajumbe hao hawana ukoo wa uteko unaowatambulisha, wala hawaitwi kwa jina hilo. Lakini wanapokwenda shambani hutafuta alama ya mpaka na kumwuliza mzee anayeukumbuka, na katika vijiji vya Heru mzee huyo mara nyingi ni wa nyumba ya abateko.