Umepima Nje au Ndani?

Leo tunaenda bandarini, lakini tutapitia Kariakoo kwanza.

Juzi nilikuwa dukani kwa mjomba, jirani na Mtaa wa Msimbazi. Nimemtengenezea ukurasa wa bidhaa zake mtandaoni: kila mstari una maboksi manne, yaani picha, jina, bei ya rejareja na bei ya jumla. Kila boksi nikalipa asilimia 25 ya upana wa ukurasa. Nne mara 25 ni 100, hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaijua. Basi bwana, kuufungua kwenye simu, boksi la nne limeporomoka chini! Bei ya jumla ya vikombe imekaa juu ya picha ya mabeseni, na mteja mmoja wa Mbagala alishapiga simu anataka beseni kwa bei ya kikombe. Na ni mteja wa siku nyingi.

Mjomba hajawahi kugusa kompyuta. Akaangalia, akauliza kitu kimoja tu: "Mjomba, umepima nje au ndani?" (Dar mjomba na mpwa wote wanaitana mjomba, msishangae.)

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mwaka 2006 aliagiza vyombo vya plastiki kutoka Guangzhou, kontena zima la futi 20. Kartoni moja ilikuwa sentimita 60 kila upande. Akachukua vipimo vya kontena: urefu mita 6.06, upana 2.44, kimo 2.59. Kwa urefu zinaingia 10, kwa upana 4, kwa kimo 4. Jumla makartoni 160. Akakusanya malipo ya awali ya wateja kwa hesabu hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba vile ni vipimo vya nje. Kuta zina unene, sakafu ina mbao, mlango una fremu. Ndani kontena hilo lina urefu wa kama mita 5.9, upana 2.35 na kimo 2.39. Sasa piga tena: 9 kwa 3 kwa 3. Makartoni 81! Yaliyobaki China ni 79, karibu nusu ya mzigo, na hela za watu ameshakula. Aliuza pikapu yake mwaka ule. Mimi niliambiwa tu kwamba gari liliharibika.

Kwa nini kontena linaitwa kwa kipimo cha nje wakati mwenye mzigo anahitaji cha ndani? Jibu liko bandarini. Mmarekani Malcom McLean aliposafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal X mwaka 1956, kutoka Newark hadi Houston, kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake. Mwaka 1968 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likatoa vipimo vya pamoja, na likapima nje. Kreni ya bandari ya Dar haijali ndani kuna nini. Inashika vyuma vya pembe nne. Trela linalokwenda Kigali linataka kujua kontena litakaa vipi mgongoni, basi. Kipimo cha nje kikishakubaliwa, meli, kreni, lori na behewa vinaelewana bila kuulizana. Unene wa ukuta ni shauri la mwenye mzigo.

Sasa turudi kwenye ukurasa wangu. Lugha ya kupamba kurasa za mtandao, CSS, ilipitishwa rasmi Desemba 1996. Waasisi wake ni Håkon Wium Lie na Bert Bos. Wao wakaamua kinyume cha bandari: ukisema boksi lina upana wa 200, hiyo ni nafasi ya maandishi peke yake. Ukiongeza nafasi ya kupumulia ya 20 kila upande na mstari wa pembeni wa 5 kila upande, boksi zima linakuwa 250. Ndiyo maana 25 zangu nne zilizidi 100.

Microsoft hawakufuata. Internet Explorer ya Windows, hadi toleo la 5.5, ilihesabu kila kitu ndani ya zile 200, maandishi yakabakiwa na 150. Kwa hiyo ukurasa mmoja ulikuwa na sura mbili, kutegemea brauza. Mafundi wakawa wanaandika vipimo viwili kwa ujanja ujanja, kimoja cha kuidanganya Explorer. Mwaka 2001 toleo la 6 likakubali kanuni rasmi, ila kwa kurasa zilizojitambulisha juu kabisa kwamba zinaifuata. Nyingine ziliendelea kuhesabiwa kizamani.

Kinachonichekesha ni kwamba Microsoft walishindwa kesi, lakini hoja yao ikashinda. Fundi anayepanga ukurasa ana shida ile ile ya kreni: anataka kujua boksi litachukua nafasi gani. Ikaja amri ya box-sizing inayokuachia uchague: content-box upime ndani, border-box upime nje. Explorer 8 ikaipokea mwaka 2009. Mwaka 2012 Paul Irish akawashauri mafundi waweke border-box kwa kila kitu, na mwaka uliofuata Bootstrap 3 ikaja nayo tayari. Lakini usipoandika kitu, hata leo brauza inapima kwa kanuni ya 1996, maana kuibadilisha kungevuruga kurasa za zamani zisizo na idadi. Hapo ndipo niliponasa.

Nikaongeza mstari mmoja, box-sizing: border-box. Maboksi manne yakarudi yakakaa sambamba. Mjomba akavaa miwani, akapitia bei zote taratibu, kisha akaniambia ya ndoo ni ya mwaka jana.