MAZINGIRA: Sakafu ya kituo cha taka ikaguliwe kabla sumu haijafika kwenye maji

TAKA zikishaondoka mlangoni, wengi wetu huzihesabu kuwa zimekwisha. Mkazi wa Embulbul, kando ya barabara inayotoka Karen kuelekea mji wa Ngong, humlipa mzoaji, gunia likapakiwa kwenye mkokoteni au gari dogo, na habari ikaishia hapo.

Kwa kweli safari ndiyo kwanza inaanza. Mji unaokua unahitaji mahali ambapo mikokoteni na magari madogo hushusha mizigo, taka zikachambuliwa, kisha zinazobaki zikapakiwa kwenye malori makubwa na kupelekwa mbali. Mahali hapo huitwa kituo cha kuhamishia taka. Kina paa, kuta na mizani, lakini sehemu inayofanya kazi ngumu kuliko zote ni ile isiyotazamwa na mtu: sakafu.

Sakafu hiyo ndiyo kizuizi pekee baina ya uchafu wa mji mzima na udongo ulio chini yake. Ikipasuka bila mtu kujua, kituo hugeuka kuwa jaa lenye paa.

Ukubwa wa mzigo

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840. Mji wa Ngong ulikuwa na watu 102,323, na Kitengela 154,436. Sera ya kitaifa ya usimamizi wa taka ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba Mkenya mmoja huzalisha takriban nusu kilo ya taka kwa siku. Ukizidisha, Ngong pekee hutoa zaidi ya tani 50 kila siku, na Kitengela zaidi ya tani 75.

Sera hiyo ilieleza pia kwamba asilimia 60 hadi 70 ya taka za nchi hii ni zile zinazooza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya ugali, sukuma wiki iliyonyauka sokoni. Takwimu hii ni muhimu kwa mjenzi wa sakafu, kwa sababu taka zinazooza hutoa maji, na maji hayo yana asidi.

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana na serikali zao kazi ya kuzoa na kutupa taka. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, zilimtaka mwenye kituo kupata leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikaongeza wajibu wa kutenganisha taka na wa kaunti kuweka vituo vya kuzichambua. Iwe ni kituo cha kuhamishia au cha kuchambulia, mashaka ya sakafu ni yale yale.

Funzo la Dandora

Jaa la Dandora, jijini Nairobi, lilianza kutumika mwaka 1975 katika timbo la zamani la mawe. Halikuwekewa tabaka la kuzuia uchafu kuzama ardhini. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori yaliendelea kumwaga. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao wakapatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichotia hofu. Mnamo Julai 2021 mahakama iliamuru jaa hilo lifungwe.

Jirani zetu wa Uganda walionja uchungu wa aina nyingine. Agosti 10, 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, nje ya Kampala, uliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Misiba hii miwili ina mzizi mmoja: taka zilirundikwa, na wenye mamlaka wakaacha kuangalia kilichokuwa kikitendeka chini yake.

Kwa Embulbul hatari iko karibu. Vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya Ngong huingia mto Mbagathi, ambao hupita kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na kumwaga maji yake mtoni Athi. Athi huishia katika Bahari Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Aidha, nyumba nyingi za upande huu wa Kajiado hutegemea maji ya visima. Kinachopenya sakafuni leo kinaweza kuchotwa kwa ndoo kesho.

Maadui wa sakafu

Sakafu ya kituo cha taka hujengwa kwa zege, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, lililotiwa nondo ndani. Lina maadui wanne.

Wa kwanza ni mkwaruzo. Tingatinga husukuma taka siku nzima, na sepetu lake la chuma huparua zege kama mpishi anavyokwangua ukoko wa sufuria. Sehemu zinazolika upesi ni zile zilizo mbele ya ukuta wa kusukumia na karibu na shimo la kupakilia.

Wa pili ni kishindo cha mizigo inayoangushwa na magurudumu ya malori, ambacho huvunja kingo za maungio.

Wa tatu ni asidi. Mabaki ya chakula yanapochacha hutoa asidi zinazofanana na za siki na maziwa ya mgando. Asidi hizi huyeyusha chokaa iliyo ndani ya saruji. Uso wa zege hulainika, sepetu huuondoa, na uso mpya hufunuliwa ili nao uliwe. Mkwaruzo na asidi hufanya kazi kama wezi wawili, mmoja akivunja kufuli na mwingine akibeba mali.

Wa nne ni kutu. Chumvi iliyo kwenye maji ya taka ikifika kwenye nondo, chuma huoza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Mahali kama Kitengela pana adui wa tano, nao ni udongo mweusi wa nyanda za Athi, ambao huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mjenzi asipouondoa au kuutayarisha ipasavyo, sakafu iliyo imara juu yake itainuliwa na kushushwa kila msimu hadi ikatike.

Jinsi ya kukagua

Ukaguzi wa kwanza ni wa kila siku na hauhitaji mhandisi. Sakafu ifagiliwe na kuondolewa taka zote kabla ya kufunga kazi. Mwongozo wa vituo vya kuhamishia taka uliotolewa na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani mwaka 2002 unahimiza desturi hiyo. Sakafu isiyowahi kuonekana haiwezi kukaguliwa.

Ikishaoshwa, msimamizi atazame maji yanaelekea wapi. Sakafu nzuri huteremka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mfereji unaoingia kwenye tangi la kukusanyia maji machafu, wala si kwenye mtaro wa mvua. Dimbwi linalobaki ni ishara kwamba hapo pamelika au pametitia. Maji yanayotoweka bila kufika mferejini ni ishara mbaya zaidi, kwa maana yamepata njia ya kuingia ardhini.

Ukaguzi wa pili ni wa kila mwezi. Sakafu igawanywe katika miraba iliyopewa nambari, na kila mraba ugongwe kwa nyundo au kuburutiwa mnyororo mzito. Zege zima hutoa mlio mkali; lililoachana na tabaka la chini hulia kama mtungi mtupu. Ubao mnyoofu wa mita 3 ulazwe sakafuni ili kupima mabonde. Nyufa zichorwe kwenye ramani, upana wake upimwe, na tarehe iandikwe. Ufa uliokuwa na upana wa milimita moja Januari na sasa una milimita tatu unasema jambo ambalo ukaguzi wa siku moja hauwezi kulisema.

Vitu vitatu visikose katika daftari la mwezi: kokoto zinazoonekana juu ya uso, madoa ya rangi ya kutu, na maungio yaliyopoteza mpira au lami yake. Nondo ikionekana kwa macho, wakati wa kungoja umekwisha.

Ukaguzi wa tatu, angalau mara moja kwa mwaka, ni wa mhandisi aliyesajiliwa. Yeye hupima kimo cha sakafu kwa vifaa vya upimaji ardhi na kukilinganisha na kile cha siku ilipojengwa, ili ajue ni sentimita ngapi zimelika. Hutoboa kwa keekee maalumu na kutoa kipande cha zege chenye umbo la mcheduara, kikapimwe nguvu katika maabara. Akinyunyizia kipande hicho dawa ya fenoftalini, sehemu ambayo bado inailinda nondo hugeuka rangi ya waridi, na iliyopoteza kinga hubaki bila rangi.

Jinsi ya kukarabati

Kosa la kawaida ni kumimina saruji nyembamba juu ya shimo na kulisawazisha kwa mwiko. Kiraka cha namna hiyo hubanduka mara tingatinga likirudi.

Ukarabati wa kweli huanza kwa kukata mipaka ya kiraka kwa msumeno wa zege, kingo zikasimama wima. Zege bovu liondolewe lote hadi kufikia lililo zima. Nondo iliyopata kutu izungukwe, iachwe na nafasi ya takriban sentimita 2 chini yake, isuguliwe hadi ing'ae, na iliyoliwa sana ikatwe na kuwekwa nyingine. Kisha shimo lioshwe kwa maji yenye nguvu. Mafuta na uchafu vikibaki, zege jipya halitashikana na la zamani. Kabla ya kumimina, uso uwe na unyevu bila maji kutuama.

Zege lenyewe liwe zito. Mfuko wa saruji wa kilo 50 usitiwe zaidi ya lita 20 za maji, ukijumlisha unyevu ulio mchangani. Ulaini unaohitajika utafutwe kwa dawa ya kulainisha zege wala si kwa kuongeza ndoo. Mchanga wa mtoni uoshwe tope, na kokoto ziwe za mawe magumu. Nambari 32.5 au 42.5 iliyochapwa kwenye mfuko huonyesha nguvu ya saruji baada ya siku 28, na kwa kazi hii ya suluba inafaa kuchagua iliyo kubwa zaidi. Sehemu zinazokwaruzwa sana huweza kuwekwa tabaka la juu lenye chembe za chuma au za mawe magumu mno.

Zege likishamiminwa, lifunikwe na kumwagiliwa maji kwa muda usiopungua siku 7. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwani meneja hutaka malori yarudi kesho yake. Dawa ni kukarabati sakafu nusu kwa nusu, upande mmoja ukiendelea kupokea taka. Miezi ya kiangazi, kabla ya mvua za Machi na zile za Oktoba, ndiyo mwafaka.

Baada ya ukarabati, sepetu la tingatinga liwekwe ukingo wa mpira, na dereva afunzwe kutolibana sakafuni. Hatua hii ndogo hupunguza kasi ya mkwaruzo.

Usalama wa wafanyakazi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwalinda walio kazini. Mkaguzi asiingie sakafuni malori yakitembea. Asishuke katika shimo au tangi la maji machafu kabla hewa haijapimwa, kwa kuwa gesi zinazotokana na uozo huua kwa dakika chache, na mara nyingi humuua pia anayekimbilia kuokoa.

Swali la mwananchi

Bajeti za kaunti hujadiliwa hadharani, na wakazi wana haki ya kuhudhuria. Katika vikao hivyo watu huuliza kuhusu malori mapya na mapipa, kwa sababu hivyo huonekana. Mkazi wa Embulbul, Ngong au Kitengela ana maswali mengine matatu ya kuuliza pindi kituo kinapopendekezwa karibu naye. Sakafu itakaguliwa na nani, na daftari lake litawekwa wapi ili lisomwe? Ni fedha kiasi gani zimetengwa kila mwaka kwa ukarabati, mbali na zile za ujenzi? Na maji ya visima vya karibu yatapimwa mara ngapi?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kituo cha taka methali hiyo haitoshi. Ukuta ulioanguka hujengwa tena. Kisima kilichoingiwa na sumu huenda kisinyweke tena katika uhai wa aliyekichimba.