Tutajuaje Alikuwa Wapi?

Nilipokuwa darasa la sita nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli, na barua alizomwandikia nyanya zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba kuna watu wanaokusanya stempu, ati wengine wametajirika. Basi nikaziloweka bahasha zile kwenye karai, stempu zikabanduka moja moja, nazo bahasha zikaishia jikoni kuwashia moto. Nyanya hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Sasa tutajuaje alikuwa wapi?"

Babu hakuwa mtu wa kuandika tarehe wala mahali. Kazi hiyo aliiachia posta.

Nimerudi kwenye stempu nikiwa mtu mzima, na wanaoniuliza waanzie wapi huwaambia hivi: wacha habari ya utajiri, soma jina. Stempu ya kwanza ya kubandika duniani ilitoka Uingereza Mei 1840, kutokana na pendekezo la Rowland Hill kwamba anayetuma barua ndiye alipe kwanza. Ilikuwa na kichwa cha Malkia Victoria na bei, basi. Jina la nchi halikuwepo, na hadi leo stempu za Uingereza haziliandiki. Sisi wengine hutakiwa kujitaja. Ndiyo maana stempu za huku kwetu ni kama daftari la waliowahi kudai kwamba nchi hii ni yao.

Anza Lamu. Kati ya 1888 na 1891 kulikuwa na ofisi ya posta ya Wajerumani pale, na barua zilitoka kisiwani na stempu za Ujerumani. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyopewa idhini ya kutawala ilichukua stempu za Malkia Victoria, ikazipiga chapa jina lake na bei mpya kwa anna, pesa ya Kihindi. Baadaye mwaka huohuo ikatoa zake, zenye jua na taji. Hebu fikiria: nchi nzima, na jina kwenye bahasha ni la kampuni! Tena kampuni yenyewe haikujipanga. Mwaka 1891 stempu za bei ndogo zilipoisha Mombasa, maafisa walichukua kalamu, wakaandika bei mpya kwa mkono juu ya stempu nyingine na kutia herufi za majina yao.

Mwaka 1895 kampuni ilishindwa, serikali ya Uingereza ikachukua nafasi yake. Stempu za kampuni zikapigwa muhuri wa "British East Africa", kisha zikaletwa stempu za India zenye maneno hayohayo juu. Kuanzia 1903 tukaunganishwa na Uganda kwenye karatasi. Nchi ilipewa jina la Koloni ya Kenya mwaka 1920, lakini stempu zenye neno "Kenya" zilingoja hadi 1922, na hata hapo tulikuwa pamoja na Uganda. Mwaka 1935 Tanganyika ikaongezwa. Stempu moja, majina matatu.

Uhuru ulikuja na stempu za Kenya peke yake, 12 Desemba 1963. Hata hivyo, zile za pamoja hazikufa mara moja. Stempu za ukumbusho ziliendelea kubeba majina ya Kenya, Uganda na Tanzania, yakipokezana nafasi ya kwanza ili asiwepo wa kulalamika. Ukizipanga mezani unaona jinsi majirani walivyojaribu kuheshimiana. Jumuiya ilivunjika 1977, na kila mmoja akabaki na jina lake.

Sasa, ukitaka kuanza, usikimbilie dukani. Uliza nyumbani. Kuna shangazi mwenye barua za mchumba wake, kuna mzee aliyehifadhi kadi za Krismasi za miaka ya sabini. Omba ruhusa kwanza, maana unagusa maisha ya watu. Bahasha ikiwa nzima, iache nzima. Muhuri wa posta unaonyesha mji na siku, na anwani inaonyesha barua ilikuwa inaelekea wapi. Ukikuta stempu kwenye kipande cha karatasi tu, huo muhuri haujakamilika, na stempu unayo nyingine kama hiyo, hapo unaweza kuiloweka kwenye maji ya kawaida na kuikausha juu ya karatasi safi. Ishike kwa kibano, si kwa vidole vyenye jasho. Gundi na selotepu ni sumu. Albamu si lazima. Daftari lenye mifuko ya plastiki safi linatosha kwa kuanzia. Na usidhani kila stempu nzee ni ghali. Nyingi zilichapishwa kwa wingi mno na bei yake ni ya chai. Thamani yake iko kwingine.

Za babu ninazo bado, thelathini na mbili, ndani ya mkebe wa majani chai. Nyingi ni za majina matatu, na hapo ndipo swali la nyanya linaponikaba. Stempu hizo zilitumika nchi zote tatu, kwa hiyo zenyewe haziwezi kukuambia barua ilitoka nchi gani. Ni muhuri tu ungesema. Kwenye moja nusu ya muhuri imebaki, na nikiiweka kwenye mwanga nasoma herufi mbili: TA. Inaweza kuwa Tabora. Inaweza kuwa Tanga. Inaweza kuwa Taveta, hapa hapa Kenya. Reli ilifika kote huko.

Nusu ile nyingine niliichoma mwenyewe.