Kivuli Nyuma ya Nyumba

Fungueni madaftari. Leo twatazama kile kipande cha bustani kilicho chini ya miti, ambako mahindi hutoka membamba na manjano. Wengi mtasema, "Tukate miti." Ngojeni kwanza.

Kahawa ya arabika, iletayo fedha Umatengo, asili yake ni misitu ya Ethiopia, chini ya miti mirefu. Kutoka huko ilivuka bahari kwenda Yemen, kisha ikaenea duniani. Huku Mbinga ilianza kulimwa katika miaka ya 1920. Basi mmea huu tunaouona juani ulizaliwa kivulini.

Wamatengo walijua zamani kwamba kila zao lina mahali pake. Kwenye mteremko wenye jua walitengeneza ngoro: wanaume wakafyeka majani, wanawake wakayafukia na kuacha mashimo. Ni kazi ngumu ya kina mama! Humo wakapanda maharage, kisha mahindi. Kahawa ilipokuja, wengi waliiweka karibu na nyumba, pamoja na migomba.

Lakini kivuli kiwe chepesi. Kikizidi, kahawa hutoa majani mengi na matunda machache. Penye giza punguzeni matawi, msiung'oe mti. Palipo na unyevu pandeni magimbi. Pasipotuama maji, tangawizi. Iliki nayo hupenda kivuli. Huko Usambara hulimwa chini ya miti ya msitu.

Kwa somo lijalo, andikeni majina ya miti mitatu ya nyumbani. Waulizeni wazee nani aliipanda, na mwaka gani.