Maharage, majivu na pakiti ya soda

Nchini Burundi jina la Gishubi utalikuta Gitega na utalikuta tena Muyinga, na popote utakapolikuta, chungu cha maharage hakiko mbali. Mji wa Gitega uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, Muyinga umeupita. Huko juu maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, hayangoji 100 kama ya Mombasa au Dar es Salaam. Mpishi wa pwani hawezi kuzihisi nyuzi hizo tano, lakini mama wa mlimani anazilipia kwa kuni. Maharage ya msimu huu yataiva polepole. Yale yaliyolala ghalani mwaka mzima yatatokota tangu asubuhi, na alasiri ukiyabana kwa vidole yatakuwa bado yamegoma.

Ukitaka kujua soda iliingiaje katika nyumba za ukanda huu, anzia kwenye chungu hicho, achana na keki. Pakiti ya unga mweupe inayopangwa dukani kando ya hamira, ambayo huyu huiita bikabonati na yule soda ya kupikia, ni mgeni aliyekuja kushika kazi ya mwenyeji. Mwenyeji ni majivu.

Katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu wapishi walichoma maganda ya ndizi, mabua ya maharage au majani ya mabondeni, wakayatia majivu yake katika chombo chenye matundu chini, wakamimina maji juu na kukinga kinachodondoka. Waluhya wa magharibi mwa Kenya huyaita maji hayo munyu musherekha, na wako wapishi ambao hadi leo hawahesabu mboga za kienyeji kuwa zimepikwa kama hayakutiwa. Ndani yake mna kabonati ya potasiamu. Hata jina potasiamu, ukilifuata hadi asili yake Ulaya, ni majivu ya chunguni. Alkali nalo ni la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea ya ardhi ya chumvi. (Ukali wetu haumo humo, ni sauti tu zimefanana.)

Chumvi yenyewe ilikuwa bidhaa ya safari. Huko Uvinza, upande wa Tanzania, John Sutton na Andrew Roberts walifukua ardhi mwaka 1967 wakakuta kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Chumvi hiyo ilibebwa hadi Burundi na pande nyingine za Ziwa Tanganyika. Majivu hayakuhitaji msafara, yalikuwa mafigani.

Upande wa mashariki, Bonde la Ufa liliwapa watu kitu cha kati ya majivu na pakiti: magadi. Mabonge yake hujiunda katika Ziwa Natron na Ziwa Magadi, na ndani yake kabonati na bikabonati ya sodiamu zimeshikana pamoja. Yalilainisha kande na maharage, yakatiwa kwenye tumbaku ya kutafuna. Waingereza waliona humo mali: kampuni ya Magadi iliundwa mwaka 1911, na kufikia 1915 reli ilikuwa imeteremka kutoka Konza hadi ziwani. Lakini magadi ya mabonge yana siri. Mengine yamejaa floridi, na kaskazini mwa Tanzania yametajwa miongoni mwa sababu za meno ya watoto kuota madoa ya kahawia.

Pakiti ina ukoo mwingine. John Dwight na Austin Church walianza kuuza bikabonati New York mwaka 1846. Aliyeishusha bei ni Mbelgiji, Ernest Solvay, ambaye mwaka 1861 alipata njia ya kuitengeneza kwa maji ya chumvi, amonia na hewa itokayo kwenye mawe ya chokaa yaliyochomwa. Nchi yake ndiyo iliyokuja kuitawala Burundi kuanzia 1916 hadi 1962. Na tukiwa hapo: soda ya kunywa ilirithi jina hili hili, kwa kuwa maji ya mapovu yalitengenezwa zamani kwa chumvi za soda. Mrundi ameepuka mkanganyiko huo. Kwake chupa yoyote ya namna hiyo ni fanta.

Mwaka 1972 Wamarekani walitangaziwa wafungue pakiti na kuiacha ndani ya friji imeze harufu. Ushauri huo haumfai asiye na friji, ila kanuni yake inafaa bidoni. Bidoni la maji lililovunda, au chupa ya chai iliyoganda rangi ndani, likitiwa kijiko cha soda na maji ya moto, likaachwa usiku kucha, asubuhi hupumua. Harufu nyingi mbaya ni za asidi, na soda huzituliza. Wanaochanganya soda na siki wakishangilia mapovu wanajidanganya kidogo: viwili hivyo huuana, na kinachobaki ni maji ya chumvi dhaifu.

Kazi yake kubwa kuliko zote haikuwa ya usafi. Pakiti za kwanza za chumvi za kurudisha maji mwilini, zilizosambazwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1970, ziliwekwa gramu 2.5 za bikabonati kwa kila lita. Baadaye ikaondolewa, sitrati ikachukua nafasi, kwa kuwa bikabonati haikustahimili joto na unyevu ghalani.

Turudi mafigani. Soda hulainisha maharage kwa kuilegeza gundi inayoshikilia chembe za ganda lake, na hapo kuni za saa nzima zinaweza kuokolewa. Bei yake ni vitamini B1, ambayo hufa ndani ya alkali. Kwa hiyo mpishi mwenye busara huloweka usiku kucha, humwaga maji yale, kisha hutia soda ya ncha ya kijiko tu. Ikizidi, mchuzi unanuka sabuni na maharage yanakuwa uji.

Yakiisha kuliwa, sufuria hutolewa uani. Ndani imekwisha lainika kwa maji ya soda. Nje ina masizi, na mkono unaoisugua unaenda ulikozoea, kwenye figa lililopoa, unachota majivu.