Mafunjo ya Misri na Kitabu cha Ibrahimu

Katika dini nyingi za ulimwengu, asili ya kwanza ya maandiko imekwisha kutoweka, na aaminiye pamoja na akanushaye hujadiliana juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao awezaye kukitia mkononi na kukitazama. Ndivyo kilivyo Kitabu cha Mormoni, ambacho Joseph Smith, kijana wa shamba katika jimbo la New York, alisema kwamba kilichorwa juu ya mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani karibu na Palmyra. Aliyachukua mwaka 1827, akawatamkia makarani wake tafsiri kwa uwezo wa Mungu, na kitabu kikachapwa mwaka 1830. Mabamba yenyewe, kwa itikadi ya wafuasi wake, yalirejeshwa kwa malaika, na mwanachuoni hana njia ya kuyaona. Lakini miongoni mwa maandiko matukufu ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake watu wengi huwaita Wamormoni, kimo kitabu kingine kifupi ambacho baadhi ya karatasi zilizokuwa mbele ya mfasiri wake zimesalia hadi leo, nazo zasomeka. Hicho ni Kitabu cha Ibrahimu, na habari zake zatuhusu sisi Waafrika kwa sababu nitakayoieleza mahali pake.

Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, baada ya Napoleon kuiingia Misri na kuwatia watu wa Ulaya shauku ya mambo yake, biashara ya vitu vya kale ilishamiri kando ya mto Nili. Mtaliano mmoja, Antonio Lebolo, alichimbua makaburi ya Thebes, ng'ambo ya Luxor, akatoa humo maiti za kale zilizotiwa dawa zisioze. Baada ya kufa kwake mwaka 1830 baadhi ya maiti hizo zilisafirishwa hadi Marekani, zikaangukia mikononi mwa Michael Chandler, aliyezitembeza mji kwa mji kama tamasha, akiuza moja moja kila alipopata mnunuzi. Mwezi wa Julai 1835 alifika Kirtland, katika jimbo la Ohio, palipokuwa makao ya Wamormoni siku zile, akiwa amebakiwa na maiti nne na mafunjo kadhaa yaliyoandikwa. Joseph Smith aliyatazama mafunjo yale, akasema kwamba ndani yake mna maandishi ya Nabii Ibrahimu na ya Nabii Yusufu, na yeye na wenziwe wakatoa dola 2,400 kununua vyote, fedha nyingi mno kwa jamaa changa iliyokuwa ikijenga hekalu lake la kwanza kwa taabu. Yapasa kukumbuka kwamba Champollion alikuwa ametangaza siri ya kusoma maandishi ya Mafirauni huko Paris mwaka 1822 tu, na elimu hiyo ilikuwa bado haijatia mizizi Marekani. Hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia Smith kwamba amesoma sawa au amekosea.

Tafsiri ilichapishwa mwaka 1842 katika gazeti la Wamormoni, Times and Seasons, mjini Nauvoo, jimbo la Illinois, pamoja na picha tatu zilizonakiliwa kutoka mafunjo, kila moja na maelezo yake. Ndani yake Ibrahimu asimulia jinsi kuhani wa masanamu alivyotaka kumchinja juu ya madhabahu katika nchi ya Wakaldayo, na jinsi Mungu alivyomwokoa. Kisha aonyeshwa nyota kwa daraja zake, na juu ya zote ile iitwayo Kolobu, iliyo karibu mno na arshi ya Mungu. Kisha roho za wanadamu kabla hawajazaliwa, zikiwa zimekusanyika mbele ya Muumba. Tena ardhi haikuumbwa kutokana na utupu: iliumbwa kwa kupanga vitu vilivyokuwapo tangu azali. Mtu anaweza kuikataa itikadi hii, kama Waislamu na Wakristo walio wengi wanavyoikataa, lakini ni dhuluma kuidharau, kwani yataka mbingu ziwe na kanuni na akili ya mtu iwe na haki ya kuzichunguza. Wala sidhani ni bahati tu kwamba miongoni mwa mitume wa kanisa hilo walitokea watu kama James Talmage, mwanachuoni wa miamba, na John Widtsoe, mwanachuoni wa kemia, walioshika ya kuwa kweli ya mawe na kweli ya wahyi haziwezi kugombana milele. Mwaka 1880 kitabu kilikubaliwa rasmi kuwa maandiko, ndani ya mkusanyo uitwao Lulu ya Thamani Kuu.

Wakati huo mafunjo yalikuwa yamekwisha kutoka mikononi mwa Wamormoni. Smith aliuawa mwaka 1844 katika gereza la Carthage. Mamake, Lucy Mack Smith, alikaa na maiti zile Nauvoo akiwaonyesha wageni kwa senti 25, na alipofariki mwaka 1856 ziliuzwa pamoja na mafunjo. Sehemu yake iliishia katika jumba la makumbusho la Chicago, lililoteketea katika moto mkubwa wa mwaka 1871, na kwa muda wa karibu karne nzima watu wote waliamini kwamba ushahidi umekuwa majivu. Zilibaki zile picha tatu tu, ambazo wanachuoni wa mambo ya Misri, tangu Mfaransa Devéria hadi wale walioulizwa na Askofu Spalding wa Utah mwaka 1912, walisema kwa kauli moja kwamba ni picha za kawaida za mazishi.

Aliyeufufua ushahidi huo ni Mmisri. Aziz Suryal Atiya, Mkopti na bingwa wa historia ya Vita vya Msalaba, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Utah, katikati ya Wamormoni, na akizijua vema picha zao. Mwaka 1966, akitafuta hati nyingine katika jumba la Metropolitan mjini New York, alifunguliwa jalada lenye vipande vya mafunjo, akaitambua mara moja ile picha ya kwanza. Na tarehe 27 Novemba 1967 jumba hilo likalikabidhi kanisa vipande kumi na kimoja.

Kipande chenye picha hiyo chastahili kutazamwa kwa karibu. Mtu amelala chali juu ya kitanda chenye umbo la simba, na chini ya kitanda imepangwa mitungi minne. Juu yake yuko ndege, na ubavuni amesimama mtu mwingine mwenye ngozi nyeusi. Smith alisema aliyelala ni Ibrahimu, aliyesimama ni kuhani mwenye kisu, ndege ni malaika wa Bwana, na mitungi ni masanamu ya miungu. Wanachuoni wasema aliyelala ni mungu Osiris akihuishwa, aliyesimama ni Anubis, mungu wa mazishi mwenye kichwa cha mbweha, na mitungi ni ile iliyohifadhi matumbo ya maiti. Na hapa ndipo penye hoja nzito: mafunjo yamechanika mahali pale pale pa kichwa cha aliyesimama, na mtu fulani amechora kwa penseli kichwa cha mwanadamu juu ya karatasi iliyogandishwa nyuma ili kuziba pengo, na kichwa cha mwanadamu ndicho kilichotokea katika picha iliyochapwa.

Maandishi yaliyo kando ya picha yamesomwa na wanachuoni wa dini mbalimbali, na Wamormoni wakiwamo. Ni dua za maziko zijulikanazo kama Kitabu cha Pumzi, zilizoandikwa kwa ajili ya kuhani wa Thebes aitwaye Hor, katika zama za Wabatlamosi, zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati ambao Ibrahimu hudhaniwa kuishi. Jina la Ibrahimu halimo. Na katika madaftari ya makarani wa Smith yaliyosalia, herufi za mafunjo hayo hayo zimepangwa pambizoni, na mbele yake yameandikwa maneno ya Kitabu cha Ibrahimu.

Waumini wamejibu kwa njia mbili. Wengine husema maandishi ya Ibrahimu yalikuwa katika sehemu ya mafunjo iliyopotea, na mjadala umefika hata kupima urefu wake: funjo likikunjwa, uharibifu wa tabaka moja hujirudia katika tabaka ya pili, na kwa jinsi umbali wa alama hizo unavyopungua yaweza kukadiriwa ni kiasi gani kilichokuwa kimebaki ndani, mmoja akapata zaidi ya mita 12, wengine wakapata kama nusu mita tu. Jibu la pili lasema mafunjo yalikuwa sababu tu, na wahyi ulimshukia Smith kwa njia nyingine. Kanisa lenyewe, katika makala yake ya mwaka 2014, lilikiri kwamba vipande vilivyosalia havilingani na tafsiri, likaziacha njia zote mbili wazi. Kwa maoni yangu jibu la kwanza halisimami mbele ya madaftari yale. La pili lina heshima zaidi, kwa kuwa halimtaki mtu akanushe alichokiona kwa macho. Ila litakapokubaliwa, lazima ikubaliwe pia kwamba Smith mwenyewe hakuielewa kazi yake hivyo, kwani alisema Ibrahimu aliyaandika maneno yale kwa mkono wake juu ya mafunjo.

Jambo hili lingebaki la wanachuoni peke yao lau kama si aya chache za sura ya kwanza. Aya hizo zasema Firauni wa kwanza alitokana na kizazi cha Hamu, ambaye wengi walimhesabu kuwa babu wa watu weusi, na kwa nasaba hiyo hakuwa na haki ya ukuhani. Smith hakuzitumia kumzuia mtu mweusi, na mwaka 1836 Elijah Abel, mwenye asili ya Afrika, aliwekewa mikono akawa mzee wa kanisa. Ni Brigham Young, kiongozi aliyemfuata Smith, aliyetangaza katazo la kuwapa weusi ukuhani mwaka 1852, akitaja laana ya Kaini. Lakini waliomfuata walipotafuta nguzo ya maandiko walizishika aya hizi. Katika kanisa hilo ukuhani hupewa karibu kila mwanamume mwaminifu, tangu utotoni, hivyo kunyimwa kwake kulikuwa kutengwa na jambo la kila siku, na ibada kuu za hekaluni zilifungwa kwa wanaume na wanawake weusi sawasawa. Nchini Ghana na Nijeria kulikuwa na watu waliosoma vitabu vya Wamormoni katika miaka ya 1960, wakaanzisha ibada wao wenyewe na kuandika barua wakiomba wahubiri, wakangoja miaka mingi. Katazo liliondolewa mwezi wa Juni 1978, katika uongozi wa Spencer Kimball, Rais wa kanisa, na wahubiri wakafika Afrika Magharibi kabla mwaka haujaisha. Kenya na Tanzania zililiandikisha kanisa hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Kinshasa ikapata hekalu mwaka 2019.

Mwaka 2013 kanisa lilitangaza kwamba linazikana nadharia za zamani zilizodai kuwa weusi wa ngozi ni dalili ya laana, na mwaka huo huo likabadili dibaji ya Lulu ya Thamani Kuu, isiseme tena kwamba Kitabu cha Ibrahimu ni tafsiri ya mafunjo ya Misri, ila tafsiri iliyovuviwa ambayo Smith aliianza baada ya kuyapata mafunjo. Aya za nasaba ya Firauni zimo vile vile, na Mwafrika mwenye kuifungua Lulu azikuta katika sura ya kwanza. Wahubiri wanaompelekea kitabu hicho wana wajibu wa kumpelekea pamoja nacho habari za Hor kuhani wa Thebes, na za wale wa Ghana na Nijeria waliongojeshwa.